Sukari mbili, uzito mmoja: namna ya kuzitenganisha kwa mwendo wa ioni

Karibuni tena maabara. Leo masika imekaza hapa Dar, mkisikia bati linapiga kelele msishangae, ni mvua tu.

Mezani nina vichupa viwili. Hiki kina maltopentaosi, na hiki selopentaosi. Zote ni glukosi tano zilizoungana, na zina fomula moja na uzito uleule. Tofauti iko kwenye kiungo: glukosi za maltopentaosi zimeungana kwa alfa, za selopentaosi kwa beta, yaani viungo vimeelekea pande tofauti. Usiidharau tofauti hiyo. Glukosi zikiungana kwa alfa unapata wanga, ule wa ugali. Zikiungana kwa beta unapata selulosi, ndiyo pamba ya kanga uliyojifunga. Sijaona mtu akila kanga.

Tunaanza na kupima. Sukari hizi zinavuta unyevu, na kwa hewa ya leo ukiacha kichupa wazi unga unashikana. Kiweke kwenye chombo cha kukaushia chenye silika, kitoe, pima haraka, funika. Yeyusha kwa maji safi, kisha punguza kwa maji na methanoli nusu kwa nusu, hadi kama maikromola 5 kwa lita.

Tumia vichupa vya plastiki, si vya kioo. Kioo kinaachia sodiamu kidogokidogo. Sodiamu tunaihitaji, kwa sababu sukari hizi hazishiki protoni vizuri, ila ioni ya sodiamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, inazikalia na kuzipa chaji. Lakini tunataka tuiweke wenyewe, kwa kipimo. Tia sodiamu asetati kidogo sana. Ukizidisha, kinachoonekana kwenye skrini ni chumvi tupu.

Vuta sampuli kwenye sindano, washa volti, subiri ukungu utulie. Mdogo wangu, sogeza kamera kwenye skrini. Mnaona? Maltopentaosi iko 851.26, huo ni uzito wake pamoja na sodiamu iliyoikalia. Sasa selopentaosi: 851.26. Spektromita ya masi ni mizani, na mizani imeshasema yote iliyokuwa nayo.

Hapa ndipo tunafungua sehemu ya mwendo wa ioni. Fikiria Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, saa kumi jioni. Wachukuzi wawili, kila mmoja na kilo 30. Mmoja kabeba gunia la mchele begani, mwingine kabeba rundo la ndoo za plastiki zilizofungwa kwa kamba. Uzito sawa, lakini wa ndoo anagongana na kila mtu, na mwenye gunia anafika mapema. Ndani ya mashine umati ni gesi ya naitrojeni, na kinachowasukuma wachukuzi ni uga wa umeme. Ioni iliyojikunja inapita upesi, iliyotanuka inachelewa. Kutokana na muda huo tunakokotoa eneo la mgongano, yaani ukubwa wa ioni kama gesi inavyokutana nao. Angalizo: zipo mashine ambazo gesi ndiyo inasukuma na umeme unazuia, na humo zilizotanuka hutoka kwanza. Jua yako ni ipi kabla hujaanza kusoma grafu.

Fungua naitrojeni, acha presha itulie. Nimeona watu wakipima gesi ikiwa bado inapanda, halafu wanalalamika muda unahama. Pitisha kila sukari peke yake, andika muda wake, ndipo uzichanganye. Usianze na mchanganyiko hata siku moja.

Kama mashine yako ni ya mzunguko, njia yake ni sentimita 98 na ioni zinaweza kuizunguka mara nyingi. Mizunguko 4 inaongeza uwezo wa kutenganisha mara 2, si mara 4, na ukizidisha sana, ioni za mbele zinazipita zile za nyuma kama wakimbiaji uwanjani, na hujui tena nani ni nani.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Mara ya kwanza nilipopitisha sukari ya aina hii peke yake, niliona vilele viwili kwenye grafu, kana kwamba ni sukari mbili. Kichupa kipya, lebo inasema safi. Nikaandika barua kali kwa aliyetuuzia, nikidai ametuchanganyia. Jibu lake lilikuwa la adabu kuliko barua yangu: “Umeshaipunguza ncha?”

Kumbe glukosi ya mwisho kwenye mnyororo, ikiwa ndani ya maji, pete yake inafunguka na kujifunga tena, mara kwa alfa, mara kwa beta. Kwa hiyo sukari moja safi inatembea na maumbo mawili, na mashine nzuri inayaona yote. Vilele viwili si lazima viwe sukari mbili.

Dawa yake ni sodiamu borohaidraidi. Hiyo ndiyo inayopunguza ncha, kwa maana ya kikemia: inaitia haidrojeni glukosi ya mwisho, pete yake isijifunge tena. Iyeyushe siku hiyohiyo, tia kwenye sukari, usikaze kifuniko. Mnaona vipovu? Hiyo ni haidrojeni, kwa hiyo hakuna moto hapa karibu. Iache usiku kucha. Kesho yake tia asidi asetiki tone kwa tone, kumaliza borohaidraidi iliyobaki. Tone… linachemka… subiri… tone lingine. Likidondoka kimya, basi. Kausha na methanoli mara tatu ili asidi boriki iondoke. Pitisha kwenye safu ya kaboni: maji yanaondoa chumvi, sukari inabaki, unaitoa kwa asetonitraili na maji.

Rudi kwenye mashine. Sasa tunatafuta 853.28, maana zimeongezeka haidrojeni mbili. Na hiki hapa, kilele kimoja.

Kama bado viwili vipo, huenda sodiamu inakaa sehemu mbili tofauti. Jaribu lithi badala ya sodiamu, au geuza mashine upime ioni hasi. Mwaka 2015 wanakemia Kevin Pagel, Peter Seeberger na wenzao walionyesha kwenye jarida la Nature, kwa isoma sita (fomula moja, muundo tofauti) za sukari tatu zilizoungana, kwamba ioni hasi zilitengana vizuri kuliko zile za sodiamu. Baada ya yote hayo, kikibaki kilele cha pili, mwandikie muuzaji. Kwa adabu.