Hadi diski haijafa, mashine ndo imesahau

Haya jamani, wazee wa mbele shikamooni, na nyie mliobanana mlangoni ingieni, viti vipo. Wengine mshanisikia nikililalamikia hili pale kibandani mpaka mmechoka, leo mtanisikia tena maana maiki ninayo mimi.

Kompyuta ya zamani ikigoma kuwaka na hadi diski yake, ile inayotunza mafaili yote, usifomati, yaani usiifute ukaianza upya. Usiniletee habari za "fundi, windo (Windows) limekufa, tupige jipya". Nani kakwambia limekufa?

Kuna mzee wa Mikindani aliniletea 386, kompyuta ya kizamani, kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Ndani mna orodha ya mikorosho ya ukoo wao kule Nanyamba, nani ana miti mingapi, kaichapa mwenyewe enzi hizo, ile ya karatasi ililiwa na mchwa na sasa ndugu hawasalimiani. Alishapita kwa fundi mmoja, simtaji, huenda yupo humu humu (kicheko), akaambiwa diski kwisha habari yake, apigiwe windo. Mzee akakataa, ndo pona yake.

Nikafungua. Kale kabetri ka pipa ka volti 3.6 kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kametapika ute wa kijani, na upepo wetu huu wa bahari ukamalizia kazi. Nikakang'oa, nikasugua kwa siki na mswaki, nikafuta kwa spiriti. Na usipachike betri bapa ya saa hapo hapo, ile haichajiwi na bodi inachaji, itakupasukia. Mimi niliweka betri tatu za rimoti kwenye pini za betri ya nje.

Sasa sikilizeni, hapa ndo watu wanapoulia diski. Betri ikiisha mashine inasahau diski yake ikoje. Za siku hizi diski inajitambulisha yenyewe, zile lazima uziambie: silinda ngapi (miduara ya kuhifadhia), vichwa vingapi vya kusomea, sekta ngapi (vipande vya kila mduara). Diski ya mzee ni Seagate ST3144A, yaani silinda 1001, vichwa 15, sekta 17. Zidisha zote tatu, halafu mara baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 130,690,560, picha za simu yako hamsini hazienei humo. Yule fundi alikuwa kajaza namba za diski nyingine, sekta 63.

Najua kuna mtu anasema mbona mashine ilisoma kidogo ikaandika haioni mfumo wa kuiwasha, si ndo umefutika? Hapana bwana! Chukulia mtaa kama Chikongola, kila nyumba ni sekta. Nimekuelekeza nyumba ya kwanza mstari wa kwanza, hiyo hupotei hata ukiwa mgeni, ndo maana ile sekta ya mwanzo kabisa ilisomeka. Nikikwambia nyumba ya kwanza mstari wa pili je? Mstari una nyumba 17, wewe umeambiwa 63, utaruka nyumba 63 ukapige hodi kwa watu baki, wakujibu humu hakuna mtu wa jina hilo. Mwenyeji yupo kwake kakaa, we ndo umepotea. Ukifomati hapo unabomoa nyumba za watu kwa ramani ya mtaa mwingine.

Nikaingia baiosi, ile kurasa ya mipangilio ya mashine kabla haijawaka, nikachagua aina ya diski, aina ya 47, ile unayojaza mwenyewe, nikaandika 1001, 15, 17, nikasevu. Ikakoroma, ikatema DOS, mfumo wa zamani wa kuandika amri, C na alama yake. Mzee hakusema kitu, kavuta kiti, kaandika amri mwenyewe kwa vidole viwili, orodha ikashuka kiooni mti kwa mti mpaka akaanza kuwasoma waliokufa.

Mtaniuliza kwa nini asinunue mpya. Kanunue wewe, halafu uitafute humo mikorosho ya Nanyamba.

Naonyeshwa saa hapa, haya, haraka haraka: mstari mwekundu wa kebo ya diski ukae upande wa pini namba moja, jampa ya masta, kile kidude cha kwenye pini kinachoiambia diski ndo kuu, iwe mahali pake, na ikishawaka tu kopi diski yote kwanza kabla hujagusa kingine. Diski inayogonga ta-ta-ta au isiyozunguka kabisa ni mhadhara mwingine, siuanzi.

Mashine ipo hapo mezani, namba za diski nimezifuta kwenye baiosi makusudi. Wewe wa fulana ya kijani, njoo, tochi hii hapa, nisomee lebo ya diski.