Mnaniuliza mshahara, mimi naanza na makaratasi

Habari zenu ndugu zangu. Swali ni lilelile kila wiki: "Dada, ufizio (fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi) huko Marekani unalipa? Na mimi nije?" Nikijibu, wapo watakaosema najisifu. Nikieleza tabu, nitaambiwa si nirudi nyumbani. Basi haya ni yangu mimi, mwenzangu yake yanaweza kuwa mengine.

Vyeti vyangu vya nyumbani vililinganishwa somo kwa somo na shahada ya hapa, ambayo siku hizi ni ya udaktari wa fiziotherapia. Vikakutwa na mapengo, nikarudi darasani kwa hela yangu. Matokeo yangu yalitakiwa yatumwe na chuo chenyewe, bahasha imegongwa mhuri. Miezi saba naambiwa anayehusika hayupo. Mdogo wangu alipanda basi kutoka Tanga mara tatu kufuatilia mhuri huo. Jamani, hilo linaniuma mpaka leo. Halafu kuna mtihani wa leseni, NPTE: ada nililipa dola 485, ufaulu alama 600, tarehe zake nne tu kwa mwaka.

Ubingwa wa neva, yaani ubongo na mishipa ya fahamu, ukaja baadaye. Nilihudumia wagonjwa wa kiharusi, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na waliovunjika uti wa mgongo zaidi ya saa 2,000 ndipo nikaruhusiwa kukaa kwenye mtihani wake.

Mnaouliza kwa nini nafundisha wakati hospitali inanilipa zaidi, sikilizeni. Juzi mwanafunzi wangu alimshika mgonjwa kwapani, upande uliopooza, akataka kumvuta asimame. Nikamzuia. Bega lililopooza misuli yake imelegea, ukilivuta linatoka mahali pake. Tukamsogeza mgonjwa ukingoni mwa kiti, nyayo tukazirudisha nyuma ya magoti, nikamwambia ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Akanyanyuka mwenyewe. Akakaa, akarudia, mara kumi na mbili, jasho linamtoka. Ubongo unajifunza upya kwa kurudia hivyo.

Baba yangu naye huko nyumbani alivutwa hivyohivyo bega lililopooza, na watu wanaompenda, mimi naangalia kwenye simu napiga kelele mtandao unakatika. Na ni ukoo huohuo uliokuwa ukisema nimesomea kukanda watu.

Kuja au kutokuja, amua kwa hali yako. Kama una watoto wadogo, piga hesabu ya miaka, usiishie kwenye dola. Ila unayeuguza mtu wa kiharusi nyumbani, niandikie hapo chini ni upande gani umepooza. Video ijayo nitaonyesha kumgeuza kitandani.