ThinkPad X1 Carbon ya mtumba: kabla hujatoa hela angalia RAM

NEEMA: Haya karibuni tena, niko na kaka Baraka na leo ni laptop ya ThinkPad X1 Carbon Gen 9, ile ya mwaka 2021, ambayo wengi mnaulizia ya refabishi, yani ya mtumba iliyokarabatiwa, kwa ajili ya ofisi.

BARAKA: Asante dada. Tuanze na uzito, inaanzia kilo 1 na gramu 130 hivi na kioo ni cha inchi 14, yani unapanda daladala umesimama Mbagala mpaka Posta na begi mgongoni wala hulisikii. Na sio nyepesi ya kulegealegea, ishike kona moja unyanyue, haipindi.

NEEMA: Kibodi je? Maana mi kutwa naandika ripoti.

BARAKA: Aisee hapo ndo penyewe! Vitufe vina kabonde katikati kidole kinakaa chenyewe, vinabonyea vizuri, unaandika mpaka jioni. Cha kuzoea ni Fn, imekaa kwenye kona pale wengi tulipozoea Ctrl, ila unaweza kuzibadilisha kwenye BIOS, yani mipangilio ya ndani ya mashine.

NEEMA: Na matundu? Unaingia kikaoni projekta ipo, adapta umesahau nyumbani.

BARAKA: Hii ina HDMI ya kawaida, USB mbili za kuchomeka fleshi, na USB-C mbili ambazo ndo za kuchajia. Pa memori kadi hamna, na waya wa intaneti mpaka adapta.

NEEMA: Sasa ubaya wake.

BARAKA: RAM! Msikilizaji hapa tulia kidogo, RAM yake, yani memori ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, hakuna sloti hata moja, ukichukua ya GB 8 utazeeka nayo na GB 8 yako, na leo hii ukifungua Chrome na Teams na Excel pamoja inaanza kukwama. Muuzaji akikwambia utaongeza baadae usimsikilize, kinachobadilika ni SSD, yani diski ya kuhifadhia mafaili, kwa hiyo bora GB 16 yenye SSD ndogo.

NEEMA: Kumbe ule wembamba tumeulipia huku.

BARAKA: Ndo hivyo. Kamera nayo nyingi ni 720p, yani picha sio kali sana, taa ikiwa hafifu uso unajaa chengachenga.

NEEMA: Betri?

BARAKA: Ikiwa mpya ni Wh 57, ndo kipimo cha uwezo wa betri. Ya mtumba fungua CMD, lile dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, palepale dukani andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili la ripoti, lifungue, litakuonyesha uwezo iliotoka nao kiwandani na uliobaki sasa hivi, ikiwa imeshuka nusu, omba punguzo la betri mpya. Halafu zima, washa, bonyeza F1 uingie ile BIOS, ikiomba paswedi ambayo muuzaji haijui, iache hapohapo.

NEEMA: Hata akishusha bei?

BARAKA: Hata akishusha, dada. Hizi zilikuwa za makampuni, na ile paswedi sio ya kuchomoa kabetri ka saa ka kwenye mazabodi ikafutika.