Piki Inapiga Resi Yenyewe? Wachana na Hiyo Skrubu Kwanza

Haya wasee, karibuni, leo tuko hapa Kondele, Kisumu, na kabla niseme kitu chochote nataka mskize hii piki. Mmeskia? Mikono yangu hii hapa, yote mbili, hakuna mtu ameshika mafuta, na bado inalia ni kama iko Mamboleo inajitayarisha kupanda mlima wa Riat.

Ni ya cc 150, ya kabureta, yaani ile inachanganya hewa na petroli kabla iingie injini, imezeeka kiasi na mimi ni mtu wa tatu kuwa nayo. Siku ile ile nimeinunua nilijua nimeuziwa shida, natoka Kiboswa nashuka Riat nikaachilia mafuta nikingoja injini inishikilie, wapi, piki inanisukuma tu, breki ya nyuma ikaanza kunuka na nyuma yangu kuna matatu inanipigia honi. Kumbe mwenye aliniuzia alikuwa amekaza skrubu ya resi, ile ya kabureta ya kupandisha ama kushusha mngurumo, ndani kabisa ndio isizime akiniwashia. Piki ya kuzima zima hakuna mtu atanunua, lakini ikinguruma tunasema eeh injini iko na nguvu, tunatoa pesa.

Sasa sikia, injini haiwezi piga resi bila hewa. Kama inapiga resi na hujashika mafuta basi kuna hewa inapitia mahali, na kazi yako ni kujua ni wapi. Ukikimbilia kulegeza skrubu leo itatulia, kesho asubuhi ikiwa baridi inazima kila stegi, unaikaza tena, ikishika moto inapiga resi tena, utashinda ukicheza na hiyo skrubu mpaka mwaka uishe. Skrubu ni ya mwisho.

Kwanza washa uipashe moto, zunguka nayo kama dakika kumi, usipime ikiwa baridi. Hakikisha choki imerudi, usicheke, kuna watu wanatembea wiki nzima na choki iko nusu. Pikipiki nyingi za hizi ndogo zinataka kama mizunguko 1,400 kwa dakika zikiwa zimesimama. Kama yako haina ile saa ya kuonyesha, tumia gia, shika klachi uweke ya kwanza, ikigonga “kang!” mpaka piki iruke, hiyo resi iko juu.

Alafu iwe frii, bila gia, peleka mafuta kidogo uachilie ghafla, uskize vile inashuka. Hapa ndio siri yote iko. Ikishuka mara moja lakini inasimamia juu, hapo hapo, shida mara nyingi ni ya kushikwa, kebo ya mafuta ama silaidi, ile inapanda na kushuka ndani ya kabureta kufungulia hewa, ama hiyo skrubu. Ikishuka polepole, inaning'inia juu huko kwanza kama haitaki kurudi, hiyo ni hewa ya wizi, inaingilia mahali haifai, ama petroli ni kidogo. Yangu, skizeni... si mmeona imechukua muda? Na hata ikirudi bado iko juu, kwa hivyo mi niko na zote mbili, Mungu amenipenda.

Tuanze na kebo kwa sababu ni ya bure. Injini ikiwaka hapo frii, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, alafu kulia mpaka mwisho. Ona, nikienda kushoto inapanda. Hiyo ni kebo inavutwa. Zima, shika mkono wa mafuta uzungushe polepole, kabla kebo ianze kuvuta inafaa kuwe na uhuru kidogo, milimita mbili mpaka sita hivi. Yangu haina hata moja. Legeza ile nati ndogo ya kufungia, zungusha kirekebishi mpaka upate huo uhuru, funga. Na utoe tenki uangalie kebo imepitia wapi, hii yangu mtu aliirudisha ikalaliwa na tenki, angalia hapa imebonyea, naipitishia kando ya shingo vile inafaa. Ukiachilia mkono lazima ujirudishe wenyewe “tap”. Ikijikokota, kebo imekufa ndani na kuimwagia oili ni kujidanganya, nunua ingine.

Silaidi sasa. Hii ni kwa wenye kabureta ya kebo kuvuta silaidi moja kwa moja. Fungua kifuniko cha juu, ivute nje, iangalie kama imechorwa chorwa ama iko na vumbi, barabara zetu za murram mnazijua. Ipanguze na kitambaa safi, msasa usiguse. Lakini kitu nataka mshike, leta simu karibu hapa... hapo. Mmeona huu upande mmoja chini umekatwa kidogo? Huo unaangalia eya klina. Na huu mfereji mrefu unaingiana na pini ndogo iko ndani. Mi niliwai rudisha ikiwa imegeuka nyuma mbele, nikapiga kiki, ikalia mpaka majirani wakatoka nje, nikazima na switi nikitetemeka. Ikikataa kushuka mpaka chini, usikaze kifuniko kwa nguvu, itoe uigeuze.

Sasa hewa ya wizi. Kati ya kabureta na injini kuna shingo, pande zote kuna oringi, ile raba ya mviringo, ama gaskiti, za kuziba hewa. Watu wengi wananyunyizia petroli hapo wakiskiza, bana usifanye hivyo, hiyo injini ni moto na plagi iko hapo juu, utachoma piki na nyusi. Chukua chupa ya kupuliza, maji na sabuni kidogo, injini ikiwaka puliza kwa kiungo kimoja kimoja, polepole, mbali na plagi. Hapa hakuna... hapa hakuna... skiza! Imeshuka ikakohoa. Maji yameziba tundu kwa sekunde moja. Tumempata.

Nafungua nati mbili, spana namba kumi, na hii ndio oringi. Inafaa iwe mviringo, inatokeza juu ya mfereji wake. Hii imekuwa bapa kama chapati, ngumu, nikiikunja inakatika. Bei ya mpya ni kama ya chai na mandazi. Na uangalie pia ile shingo kama imepinda, iweke juu ya kioo, ikicheza cheza kuna mtu alikaza nati kama anafunga lori. Kaza pole pole, huku kidogo na kule kidogo.

Kama bado inaning'inia baada ya hapo, shida mara nyingi ni jeti ndogo imeziba, ile ya kupitisha petroli kwa kabureta piki ikiwa imetulia. Ifungue, iangalie kwa mwanga, lazima uone tundu. Usiichokore na waya, utapanua na piki itaanza kunywa petroli. Peleka kwa kijana wa pancha apulize na kompresa, imeisha hiyo.

Haya, sasa ndio skrubu, ikiwa moto. Ziko mbili. Ya resi ni kubwa na ina springi, hiyo inainua silaidi. Ile ndogo ni ya kuchanganya hewa na petroli. Hiyo ndogo ifunge taratibu mpaka iguse ukihesabu mizunguko, usikaze sana kwa sababu ncha itaharibika, alafu fungua mizunguko moja na nusu ama mbili. Washa, izungushe robo robo mpaka uskie injini imepanda juu na iko laini, hapo wacha. Alafu legeza ya resi mpaka itulie. Rudia ya ndogo kidogo, alafu ya resi tena.

Na wale mnanunua piki Eldoret mnaleta huku, hii ya mwisho fanyeni hata kama oringi ziko sawa. Huko juu ni kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130, hewa ya huku ni nzito, vile ilipangwa huko sivyo itakaa hapa.

Wacha niwashe... Naweza ongea bila kupiga kelele. Kushoto, iko hapo hapo. Kulia, iko hapo. Klachi, gia ya kwanza, imeingia kimya. Peleka mafuta, achilia... imerudi. Shika hiyo simu vizuri kijana, panda nyuma twende Riat tushuke nayo.