Mario hakuhitaji mkalimani

NEEMA: Karibuni tena. Mimi ni Neema, niko na kaka Hamisi. Leo ni gemu za zamani, zile za picha bapa, mchezaji anakimbia kuelekea kulia.

HAMISI: Asante, dada. Naomba nianzie dakika ya kwanza ya Super Mario Bros. Kampuni ya Nintendo waliitoa Japani Septemba 1985. Mimi niliikuta kwa jirani miaka mingi baadaye, kwenye mashine ya gemu iliyoiga ile ya Nintendo, na kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu maelfu.

NEEMA: Kumbe ni zilezile zinajirudia!

HAMISI: Zilezile. Lakini Mario alikuwemo, na alitosha. Kijapani sikijui, Kiingereza nacho sikuwa nacho. Unaanza, Mario kasimama kushoto, mbele yake peupe. Unajikuta tu unakwenda kulia. Mara kinatokea kiumbe cha kahawia, kimenuna, kinakuja. Ukikigusa umekufa. Unaanza upya, na hujapoteza hata nusu dakika. Mara ya pili unaruka.

NEEMA: Na uyoga je? Mimi niliukimbia, maana unafanana na kiumbe yule.

HAMISI: Enhe, hapo ndipo ninapompendea Shigeru Miyamoto, aliyeibuni gemu hii! Unagonga boksi lenye alama ya kuuliza, uyoga unatoka, unateleza kulia, unagonga bomba, unakurudia. Ukitaka kuuruka, juu kuna matofali: unagonga kichwa, unauangukia. Mario anakua. Basi, umeshajua uyoga ni rafiki. Miyamoto mwenyewe ameeleza kwamba walipanga hivyo makusudi.

NEEMA: Bila neno hata moja.

HAMISI: Hata moja! Na gemu nzima ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaizidi mbali. Ndiyo maana mawingu na vichaka ni mchoro mmoja: juu wameutia weupe, chini kijani.

NEEMA: Wengi husema tunazipenda kwa sababu ya utoto wetu tu.

HAMISI: Utoto umo, sikatai.

NEEMA: Mimi nakataa. Mpwa wangu ana miaka tisa, hana kumbukumbu yoyote ya kaseti. Simu yake imejaa gemu za mpira. Nilimwekea Mario, akakaa nayo jioni nzima. Kilichomshika ni kule kuruka. Ukibonyeza kidogo, Mario anaruka kidogo. Ukishikilia, anapaa zaidi, na akiwa hewani bado unamvuta huku na huku. Mtoto alitumbukia shimoni, akasema, "Nimeruka mapema mno." Hakulaumu gemu.

HAMISI: Kwa sababu shimo aliliona. Hakuna kamera ya kuzungusha, hakuna kona iliyojificha. Na watengenezaji wa sasa wanalijua hilo. Gemu ya Celeste, ya 2018, ni ngumu kweli, lakini ina huruma: ukichelewa kidogo sana ukingoni, bado inakukubalia kuruka. Ukifa, unarudi palepale papo hapo.

NEEMA: Huruma hiyo mpwa wangu angeifurahia. Sasa yuko hatua ya pili ya Mario, kule chini ya ardhi. Jana ameniuliza, "Shangazi, naweza kupita juu ya dari?"

HAMISI: Ukamwambia?

NEEMA: Sikumwambia. Nilisogeza kiti, nikamwangalia akijaribu.