Kabla ya Kompyuta, Lisha Mbu Kwanza

NJERI: Haya karibuni tena, ni mimi Njeri, na huyo anayekohoa ni Otis.

OTIS: Si ni hii baridi ya Julai bana. Sasa leo swali ni langu. Kuna kijana nilimfunza bayolojia sekondari, amemaliza digrii yake na anataka masters ya vijidudu na mwenyeji wao, yaani hizi bakteria, virusi, vimelea, venye vinaishi ndani ya mtu ama mnyama ama mdudu na venye huyo mwenyeji anajitetea. Ananiuliza afanye kozi gani ya kompyuta kwanza.

NJERI: Mwambie aende alishe mbu.

OTIS: Wacha mchezo.

NJERI: Sichezi. Unakumbuka ile habari ya 2020 ya icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu hapo Kasarani? Microsporidia MB?

OTIS: Ile ya mbu asiyebeba malaria?

NJERI: Hiyo hiyo. Ni kijidudu cha ukoo wa kuvu, kinaishi ndani ya mbu Anopheles arabiensis na hakimsumbui sana, lakini mbu akiwa nacho kimelea cha malaria hakishiki ndani yake. Mama anakipitisha kwa mayai, halafu ikaja kuonekana hata dume na jike wakipandana kinapita. Sasa wewe mwanafunzi utakichunguza vipi, juu hukioteshi kwa sahani ya maabara, kinataka mbu mzima. Inabidi uende kwa manyumba ya watu asubuhi mapema uwanyonye na kile kimrija wale majike wametulia ukutani tumbo limejaa, uwalete, kila mmoja umpe kikopo chake atage, akishataga ndio unampima kwa PCR, kile kipimo cha kutafuta DNA, uone kama anacho. Na wengi hawana! Hata huko kilikopatikana walionacho walikuwa chini ya 10 kwa kila 100, kwa hivyo unabaki kulea watoto wa hao wachache.

OTIS: Kulea ndio hiyo ya kuosha trei za viluwiluwi, hao watoto wa mbu wa majini? Si kuna mafundi wa hiyo kazi?

NJERI: Wapo, na hao ndio wanafaa kumfunza huyo kijana wako kabla profesa hajafungua mdomo. Viluwiluwi ukiwazidishia chakula maji yanaoza wanakufa, ukiwapunguzia ama ukiwasonganisha wanatoka mbu wadogo wadogo, sasa hao wadogo ukipata hawashiki malaria vizuri utasema ni kijidudu ama ni njaa? Hapo ndio watu huchapa grafu safi kabisa ya kitu hakipo. Mimi naona mafunzo yetu yanachukulia mwenyeji kama chombo cha kuwekea vijidudu, na yeye ni nusu ya swali.

OTIS: Sawa, lakini matangazo ya kazi yanataka mtu wa kuchambua jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, kwa kompyuta, sijaona hata moja linataka mtu wa trei.

NJERI: Jenomu ajifunze, sikatai, bila hiyo siku hizi huendi mbali. Nasema tu mpangilio. Chukua ECF ya ng'ombe, ndigana kali, ule ugonjwa unaletwa na kupe. Kimelea chake, Theileria parva, kikiingia kwa seli nyeupe ya damu ya ng'ombe kinaifanya igawanyike bila breki, kama saratani, na chenyewe kinagawanyika nayo, ukiiweka hiyo seli kwa chupa maabarani inaongezeka tu. Ukitia dawa, buparvaquone, kimelea kinakufa na seli inaacha ule wazimu.

OTIS: Ngoja. Kumbe kimelea ndio kimeshika usukani?

NJERI: Eeh! Kwa chupa hiyo ni raha kusoma. Lakini chanjo yake, ile kokteli ilitengenezwa hapa Muguga miaka ya 1970, unachanja ng'ombe na vimelea hai na saa hiyo hiyo unamdunga oxytetracycline, antibiotiki ya kukaa mwilini muda mrefu, ili vimelea visimzidi. Sasa niambie vimelea hai unatoa wapi.

OTIS: Kwa friji?

NJERI: Kabla ya friji! Ng'ombe aambukizwe, kupe wachanga wamnyonye, wakue, wakishakua wanyonye sungura kama siku 4 ndio vimelea vikomae kwa tezi za mate, halafu kupe wanasagwa. Ng'ombe, kupe, sungura, mmoja akiugua kitu kingine kazi yote imeharibika, na hakuna programu ya kompyuta itakuambia sungura amekataa kula.

OTIS: Haya umenishinda. Huyu kijana aanzie wapi sasa?

NJERI: Masters, icipe wana DRIP, unasajiliwa chuo chako na utafiti unafanyia kwao. PhD kuna ARPPIS, hiyo iko tangu 1983. ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo hapo Kabete, huchukua wanafunzi wa utafiti pia, na kama hajali joto la Kilifi aangalie KEMRI-Wellcome, wale wa utafiti wa magonjwa ya binadamu. Lakini asiandike barua ya “mimi ni mchapakazi”, aseme anataka kuuliza nini, kwa mwenyeji gani.

OTIS: Na hao mbu wanalishwa damu ya nani? Juu najua ataniuliza.

NJERI: Wa kawaida hata ya mnyama ni sawa. Wa jaribio la malaria mara nyingi inatoka kwa mtu mwenye vimelea, unaiweka kwa kikombe kimepashwa joto la mwili, juu yake utando mwembamba, wananyonya hapo. Kwa hivyo hapo kuna mtu atatolewa damu, mara nyingi mtoto, na mzazi lazima aelewe na akubali, halafu kamati ya maadili ipitishe.

OTIS: Hiyo inachukua muda gani?

NJERI: Muda mrefu kushinda jaribio lenyewe mara nyingine. Mwambie ombi la maadili aanze kuliandika akiwa bado anafunzwa kuosha trei.