Kujenga Ekskaveta ya Mfano kwa Skeli ya 1 kwa 15: Maelekezo ya Video kutoka Tanga

Ndugu watazamaji, asalaam aleikum na karibuni sana. Leo, hapa barazani kwetu Ngamiani, tutajenga ekskaveta ya mfano, ule mtambo ambao mafundi wengi huuita kijiko, na tutaijenga kwa namna ambayo mikono yake itanyanyuka na kukunjika kwa nguvu ya maji. Anayetaka kuona mtambo halisi ukifanya kazi hana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa machimbo ya mawe ya chokaa yapo Pongwe na Maweni. Nawasihi mwende mkautazame, mkisimama mbali na kwa ruhusa ya wahusika, kabla hamjakata hata kipande kimoja cha plastiki.

Mkiutazama, msivutiwe na rangi wala kabini. Zitazameni pini, yaani vile vyuma vya mviringo vinavyounganisha mkono mkubwa na kiwiliwili, mkono mdogo na mkono mkubwa, ndoo na mkono mdogo, na kila jeki, yaani ule mtungi wa chuma unaosukuma mkono, na mahali inapojishikiza. Mtambo wote unacheza juu ya pini hizo. Mfano wenye rangi nzuri na pini zilizokosewa hujikunja kama mkono uliovunjika, na hakuna urembo unaoweza kuuficha ulemavu huo.

Tutakaoufuata ni Komatsu PC200-8, mtambo wa daraja la tani 20. Mkono wake mkubwa una mita 5.7, mkono mdogo mita 2.925, upana wa chini kutoka ukingo wa nje wa mnyororo mmoja wa kutembelea hadi wa mwingine ni mita 2.8, na kila bamba la mnyororo, yaani kipande bapa kinachokanyaga ardhi, lina upana wa milimita 600. Urefu wa mikono hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka pini hadi pini, haufuati mpindo wa mkono. Nimeona wengi wakipima kwa kufuata ule mpindo, wakapata mkono mrefu kuliko unavyopaswa kuwa.

Sasa kwa nini skeli ya 1 kwa 15, wakati mifano mingi inayouzwa madukani ni ya 1 kwa 50? Jibu liko kwenye baiskeli, na Tanga hatujawahi kupungukiwa na baiskeli. Katika mitambo ya daraja hili, umbali kati ya pini moja ya mnyororo na inayofuata ni milimita 190. Katika mnyororo wa baiskeli umbali huo ni milimita 12.7. Gawanyeni, mtapata karibu 15 kamili. Kwa hiyo mnyororo uliochakaa, ambao fundi baiskeli angeutupa, unatupatia minyororo ya mtambo wetu ikiwa tayari na vipimo sahihi. Vipimo vingine vyote tunavigawanya kwa 15: mkono mkubwa unakuwa milimita 380, mkono mdogo milimita 195, upana wa chini milimita 187 na bamba milimita 40.

Mabamba ya kujengea tunayapata kwenye bomba la plastiki la maji taka la inchi 4. Lipasueni kwa msumeno kwa urefu wake, kisha lipasheni joto kwa mchanga mkavu uliopashwa moto kwenye sufuria kuukuu, mkiumwagia ndani na nje ya bomba mpaka lilegee kama ngozi. Lifungueni haraka na mlibane kati ya vigae viwili vya sakafuni, mkiweka tofali juu, hadi lipoe. Kazi hii ifanyike nje, penye upepo, na kamwe bomba lisishikwe juu ya moto wa jiko, kwa sababu plastiki hii ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaodhuru mapafu. Ukianza kunusa harufu kali, mchanga wako umezidi moto; uache upoe.

Tunafika kwenye hatua ambayo naomba muifuate kwa makini kuliko zote. Mkono mkubwa ni sanduku refu lenye kuta mbili za pembeni. Chukueni mabamba mawili, myabane pamoja kwa gundi ya karatasi kiasi kwamba hayatelezi, bandikeni juu yake mchoro wenye vipimo kamili, kisha toboeni matundu yote ya pini kupitia mabamba yote mawili kwa mara moja, na ndipo mkate umbo la nje. Tazameni karibu hapa: ncha ya keekee inaanzia kwenye kidoti nilichokipiga kwa msumari, imesimama wima, na vumbi jeupe linatoka sawasawa pande zote za tundu. Vumbi likitoka upande mmoja tu, keekee imelala.

Nasisitiza hili kwa sababu mfano wangu wa kwanza niliuharibu hapa. Nilitoboa kila ukuta peke yake, nikakosea milimita 1 tu kwenye pini ya shina, ile inayounganisha mkono mkubwa na kiwiliwili. Upana wa mkono pale chini ni milimita 40, na urefu wake ni 380. Kosa la milimita 1 likakua likawa karibu sentimita 1 kule nchani. Ndoo ilikaa upande, na kila nilipoinyanyua ilizidi kuelemea. Nilivunja kazi ya wiki tatu, nikaanza upya.

Kwa pini tumieni spoku za baiskeli zenye unene wa milimita 2. Spoku haipaswi kusugua moja kwa moja kwenye plastiki, kwani tundu litapanuka. Ipitisheni ndani ya kipande cha antena kuukuu ya redio, mkijaribu pingili moja baada ya nyingine hadi mpate ile ambayo spoku inaingia bila kulegea. Kateni kipande hicho, kilainisheni kwa msasa, kisha kigandisheni kwenye tundu la mkono huku spoku ikiwa ndani, ili kila kitu kinyooke kabla gundi haijakauka.

Jeki zetu ni mabomba ya sindano ya mililita 1. Nunueni mapya dukani, bila sindano zake. Lililokwisha kutumika msiliguse. Bomba hili jembamba ndilo linalofanana na umbo la jeki halisi, ingawa safari ya kijiti chake ni kama sentimita 5 na nusu tu, pungufu ya inayohitajika. Wako watakaotaka kuhamisha pini ili mkono upande juu zaidi. Mimi sishauri hivyo. Heri mkono unaopanda theluthi mbili ya safari yake kwa njia iliyo sahihi.

Mkono mkubwa unanyanyuliwa na jeki mbili, na kwa hiyo bomba la kusukumia, lile mnalolibonyeza kwa mkono, liwe la mililita 2, ili maji yake yatoshe kuzijaza zote mbili kwa pamoja. Mkono mdogo na ndoo zina jeki moja moja. Unganisheni kwa mpira wa dripu, mkiuchovya ncha katika maji ya moto ulainike, na mkishaupachika mfunge kwa uzi wa nailoni. Jazeni maji yaliyochemshwa yakapoa, wala msitumie mafuta ya injini, ambayo huvimbisha mpira wa kijiti. Gongeni bomba kwa ukucha mpaka kila povu lipande na kutoka. Maji hayabonyei, hewa hubonyea. Povu dogo kama punje ya mtama linatosha kuufanya mkono utetemeke badala ya kutii.

Tuje kwenye minyororo ya chini. Usafisheni mnyororo wa baiskeli kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni. Mtambo halisi una mabamba 45 kila upande, lakini pingili za baiskeli hupokezana, nyembamba na pana, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa mbili, tutatumia 46. Mnyororo mmoja wa kawaida unatosha pande zote mbili na kubaki. Kateni mabamba ya milimita 40 kwa 12, na juu ya kila moja gandisheni mistari mitatu ya waya wa umeme uliovuliwa ganda, ambayo ndiyo meno ya kushikia ardhi. Pakeni nta ya mshumaa kwenye viungio kabla ya kubandika mabamba kwa gundi ya epoksi, ili gundi isiingie ndani ikakaza. Hapa hakuna ujuzi mkubwa, ni subira: mabamba 92, moja baada ya jingine. Gurudumu la mbele liwekeeni tundu refu badala ya la duara, ili muweze kulisogeza na kukaza mnyororo, kama vile mtambo halisi unavyokazwa upande huo kwa grisi.

Kabini na kiwiliwili havina ugumu. Ni masanduku, na picha zitawatosha. Kinachohitaji hesabu ni uzito wa nyuma. Urefu ukigawanywa kwa 15, ujazo na uzito hugawanywa kwa 3,375. Tani 20 zinakuwa karibu kilo 6, na ndoo ya mita za ujazo 0.8 inakuwa kama mililita 237. Plastiki yetu ni nyepesi mno, kwa hiyo sanduku la nyuma nalijaza chubwi za wavuvi, nikizibana kwa gundi zisigongane. Chubwi ni za madini ya risasi. Osheni mikono vizuri baada ya kuzishika, na msiwaachie watoto kazi hii.

Rangi ya manjano ipigwe katika tabaka nyembamba mbili au tatu. Baada ya hapo, mtambo wa Pongwe hauwi na matope mekundu kama ya shamba la Muheza. Una vumbi la chokaa, jeupe linaloelekea kijivu. Chekecheni unga wa chokaa, mchanganye na majivu kidogo, mpake kwa brashi kwenye pembe na juu ya fremu ya minyororo, mahali ambapo vumbi hutua lenyewe. Meno ya ndoo na migongo ya mabamba ipakeni rangi ya chuma king'aavu, maana jiwe huyasugua kutwa nzima.

Kwa jaribio la kwanza tumieni mchanga mkavu wa pwani, na ndoo isijazwe zaidi ya theluthi, kwa sababu jeki hizi hazina nguvu ya kubeba zaidi. Sukumeni polepole, mkitazama kila pini kama inazunguka bila kuvuta ukuta wake. Mkimaliza, toeni maji yote kwenye mabomba na muache vijiti vikiwa vimevutwa nusu, kwani mpira uliokaa mwezi mzima na maji mahali pamoja hunata, na siku mtakayousukuma tena utachanika.